UZI: Shamba la babu liko kwa jina la baba mkubwa. Hukumu ya Kiebia inakupa nini hasa?

Mwanasheria wa Lurambi (mwenye uzi)

Mulembe wote. Swali hili nimeulizwa sokoni, kanisani na hata matangani, kwa hivyo naliandika mara moja hapa.

Ukipita kwenye korido za mahakama ya ardhi hapa Kakamega siku ambayo kesi zinatajwa, utaona watu wa ukoo mmoja wamekaa mabenchi mawili, hawasalimiani. Kila upande umekuja na mzee wake ili aseme shamba lilikuwa la nani kabla ya hati kutoka. Na wengi wao wana neno moja mdomoni: Kiebia. Wanaamini Mahakama ya Juu ilisema shamba la babu ni la wote, basi. Haikusema hivyo.

Kwanza tujue tatizo lilitoka wapi. Maafisa wa kupima na kuandikisha ardhi walipofika huku Magharibi na Nyanza, miaka ya sitini na sabini, boma nyingi zilikuwa na mzee aliyechoka au aliyekwisha kufa. Wana wengine walikuwa kwenye miwa ya Miwani, kwenye majani chai ya Kericho, au kwenye reli. Aliyekuwa nyumbani ni mkubwa, basi jina likaandikwa lake. Hakuna aliyedhani amepewa zawadi. Alikuwa anashikilia.

Lakini Sheria ya Ardhi Iliyosajiliwa ya 1963 ilimpa mwenye jina umiliki kamili. Mwaka 1972 ikaja Obiero dhidi ya Opiyo, mwaka uliofuata Esiroyo dhidi ya Esiroyo. Majina ni ya huku kwetu. Majaji wakasema usajili umezizima haki za kimila; mwenye hati ndiye mwenye shamba. Katika Esiroyo ni baba mzazi aliyewashtaki wanawe ili waondoke, na alishinda. Majaji wengine hawakukubali njia hiyo. Mwaka 1984, katika Kanyi dhidi ya Muthiora, Mahakama ya Rufaa ilisema usajili hauui amana ya kimila, yaani haki ya familia katika ardhi ambayo mmoja wao anaishikilia kwa niaba ya wote. Kwa hivyo kwa miaka mingi matokeo yako yalitegemea umeangukia jaji gani.

Tarehe 5 Oktoba 2018 Mahakama ya Juu ikaamua Kiebia dhidi ya M'Lintari, kesi ya kutoka Meru, na ikazitupa Obiero na Esiroyo kwa kuzitaja majina. Ilisema amana ya kimila inaifunga ardhi hata kama haijaandikwa popote kwenye rejista. Kifungu cha 28 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 kinasema hivyo pia. Ikaongeza jambo ambalo limewaokoa wengi: si lazima uwe unaishi hapo au unalima hapo. Kabla yake, mtu aliyelelewa Nairobi alikuwa anaambiwa, "Wewe hata jembe hujawahi kushika hapa."

Sasa soma hukumu yenyewe, iko bure kwenye tovuti ya Kenya Law. Mahakama ilisema si kila dai la ardhi ni amana ya kimila, na kila kesi itaamuliwa kwa ushahidi wake. Ikataja mambo ya kuangaliwa. Kabla ya kusajiliwa, ardhi ilikuwa ya familia, ukoo au kundi. Mdai ni wa familia hiyo, tena uhusiano wake si wa mbali mno wa kubahatisha. Kama si jambo fulani lililoingilia, yeye naye angeandikishwa au angenufaika. Na la mwisho, ambalo watu hulipita haraka: dai linaelekezwa kwa mwenye hati ambaye ni mtu wa familia au ukoo huo.

Nataka tubishane juu ya hilo la mwisho. Binafsi naona ndilo litakalowaumiza watu wanaosubiri.

Mtoto wa Reli (Nakuru)

Wakili, nashukuru kwa somo, lakini niseme upande ambao hausemwi. Baba yangu alifanya kazi reli hapa Nakuru hadi akastaafu. Mshahara wake ndio ulionunua shamba letu la Khwisero, kutoka kwa mtu wa ukoo mwingine kabisa. Ndugu zake hawakutoa hata senti. Leo watoto wao, watu ambao shule zao zililipwa na huyo huyo baba yangu, wametuletea barua ya wakili yenye neno Kiebia limekolezwa wino. Eti baba alikuwa "anawashikilia". Aliwashikilia lini?

Mnawafundisha watu uvivu. Mtu akifanikiwa kuliko ndugu zake, mali yake inageuka ya ukoo.

Mwanasheria wa Lurambi

Ndugu yangu, wewe unalindwa na hukumu hiyo hiyo. Jambo la kwanza kabisa ni kwamba ardhi iwe ilikuwa ya familia *kabla ya kusajiliwa*. Shamba lililonunuliwa kwa mtu wa nje halikuwa la ukoo wenu. Kazi yako ni kuonyesha lilinunuliwa. Makubaliano ya kuuziana, risiti, kibali cha bodi ya ardhi kama kilikuwepo, na muhimu zaidi nakala iliyothibitishwa ya grinikadi, yaani kadi ya rejista ya shamba hilo. Grinikadi itaonyesha nani aliandikishwa kwanza na lini jina lilihamia kwa baba. Kama aliyetangulia ni mtu wa ukoo mwingine, dai la binamu zako linaanza kwa kuchechemea.

Ila nikuulize bila ubaya: baba alinunua lote, au alinunua kipande kilichopakana na cha babu kisha vikaunganishwa? Hapo ndipo kesi nyingi za watu wa reli hukwama.

Mtoto wa Reli

Kuna kipande kidogo cha babu upande wa mto.

Mwanasheria wa Lurambi

Basi hicho kidogo mkiongelee nyumbani.

Karani Mstaafu wa Kisumu

Wanangu, mimi nilishika faili za ardhi miaka mingi kabla ya kompyuta. Acheni niwaambie mahali ushahidi hulala, maana mawakili vijana huishia kwenye hati na grinikadi.

Chini ya Sheria ya Uamuzi wa Ardhi ya 1968, kabla hati haijatoka, rejista ya eneo iliwekwa wazi watu waikague, na mwenye malalamiko alikuwa na siku 60 za kupinga. Asiporidhika, alikata rufaa kwa Waziri. Malalamiko hayo yaliandikwa: nani alisema nini, mzee gani wa kamati alikubali, nani hakuwepo. Nimeona kumbukumbu ambamo baba mkubwa mwenyewe alimwambia afisa kuwa anaandikisha kwa niaba ya wadogo zake. Karatasi moja ya namna hiyo inashinda mashahidi kumi wa mdomo.

Ombeni nakala zilizothibitishwa, tena kwa barua, na mhifadhi ile iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Msitume kijana wa kuzunguka ofisini na "chai". Nyingine zimeliwa na mchwa na unyevu, hilo nalo ni kweli. Zikikosekana, barua ya ofisi kusema hazipo inawasaidia pia, maana mahakama itajua mlitafuta.

Na mwisho, upande wa pili ukikuta kwamba babu yenu alipinga wakati ule akashindwa, mjiandae. Watasema mambo haya yaliamuliwa zamani.

Bodaboda wa Kondele

Mnasumbuka bure. Zikeni mtu hapo usiku, asubuhi shamba ni lenu 😂

Nyar Seme

Omera, unacheka lakini kuna watu wamefanya hivyo. Kwetu kulikuwa na ugomvi wa mpaka, na upande mmoja ukaharakisha kuzika bibi kizee pale pale penye mgogoro. Kesi ilipofika mbele, kaburi halikusaidia. Hakimu alitembelea shamba, akaliona, akauliza alizikwa lini na kesi ilifunguliwa lini. Tarehe zilijibu.

Makaburi ya zamani ni kitu kingine. Kama babu, nyanya na watoto waliokufa wadogo wamelala hapo tangu kabla ya hati, hiyo ni dalili kwamba boma lilikuwa la wote. Inaonyesha ukaaji. Si hati, lakini ni kitu.

Mwanasheria wa Lurambi

Nyar Seme amesema sawa kuliko baadhi ya mawakili ninaokutana nao. Niongeze tu kwamba mwenye hati anaweza kuomba amri ya kuzuia mazishi, na akiipata mtabaki na maiti mochari na bili inayopanda kila siku.

Mama Chavakali

Naomba kuuliza kwa heshima. Mimi ni binti. Baba yangu alikuwa wa tatu kwa babu, amefariki. Shamba lote liko kwa jina la baba mkubwa, ambaye naye amefariki. Kaka zangu wanataka kudai fungu la baba kwa hiyo amana ya kimila, lakini mimi na dada yangu tumeambiwa tukae kando. Wanasema: "Hii ni kesi ya mila, na mila haikuwapa wanawake shamba." Wakili wao pia amesema hivyo. Ni kweli?

Mwanasheria wa Lurambi

Swali hili ni zito, mama, nitalijibu pole pole.

Hoja ya kaka zako inatoka kwenye lile jambo la Kiebia lililo kabla ya la mwisho: mdai awe ni mtu ambaye *angestahili* kuandikishwa kama si jambo fulani. Watasema mwaka huo binti hangestahili, kwa hivyo huna dai. Ukiisoma hukumu kwa jicho kavu, unaweza kudhani wana hoja.

Lakini Katiba iko juu ya mila. Kifungu cha 2(4) kinasema sheria ya kimila inayopingana na Katiba ni batili kwa kadiri inavyopingana. Kifungu cha 27 kinakataza ubaguzi wa jinsia, na cha 60 kinataka ubaguzi huo uondolewe kwenye mila zinazohusu ardhi. Hata kabla ya Katiba ya 2010, Mahakama ya Rufaa ikiwa Eldoret iliamua Rono dhidi ya Rono mwaka 2005. Marehemu aliacha wajane wawili na watoto tisa, sita kati yao mabinti, na shamba kubwa. Ilisemwa mabinti wapate kidogo kwa sababu wataolewa. Mahakama ya Rufaa ilikataa.

Sasa njia ambayo ningeipendelea mimi. Usidai kama binti wa ukoo aliyestahili kuandikishwa enzi zile. Dai kupitia kwa baba. Baba yako ndiye aliyestahili. Haki yake haikufa naye, iliingia kwenye mirathi yake. Na mirathi ya baba inagawanywa kwa Sheria ya Urithi, ambayo haimuulizi mtoto kama ni wa kiume au wa kike. Kwa hiyo dai linafunguliwa na msimamizi wa mirathi ya baba yako, na likishinda, fungu linagawanywa kwa watoto wote.

Na hapa pana shimo ambalo watu huangukia. Huwezi kudai haki ya marehemu bila granti, yaani idhini ya mahakama ya kusimamia mirathi yake. Angalau mchukue ile ndogo ya kufungulia kesi, mawakili huiita *ad litem*. Nimeona kesi nzuri zikitupwa kwa sababu mwana alishtaki "kwa niaba ya marehemu baba" akiwa na barua ya chifu tu mkononi. Barua ya chifu inasaidia kuombea granti, lakini si granti.

Kaka zako wakienda kuchukua granti, lazima wawataje watoto wote. Wakiwaficha, granti inaweza kufutwa chini ya kifungu cha 76. Waambie hivyo kwa upole kwanza.

Mama Chavakali

Asante sana, mwanangu. Nitawaambia kwa upole. Wasiposikia, nitawaambia vinginevyo.

Kijana wa Maseno

Kwa nini mnazunguka hivyo? Kama familia imeishi hapo zaidi ya miaka 12, si mdai umiliki kwa ukaaji? Sheria ya muda wa kushtaki inasema hivyo, kwisha.

Mwanasheria wa Lurambi

Umiliki kwa ukaaji wa miaka 12 unataka uwe umekaa *kinyume* na mwenye ardhi, wazi wazi, bila ruhusa yake. Ndugu anayekaa kwa ndugu yake kawaida amekaa kwa ruhusa. Watu huomba yote mawili kwenye kesi moja, amana na ukaaji, kisha jaji anawauliza, "Mlikaa kama ndugu au kama wavamizi?" Wakili anaangalia sakafu. Chagua moja unayoweza kuithibitisha.

Na kuhusu muda: mtu anayedai mali ya amana kutoka kwa mdhamini wake, yaani yule anayemshikilia, hafungwi na ile miaka 12. Kifungu cha 20 cha sheria hiyo hiyo. Kwa hivyo ukiambiwa "mmechelewa, hati ni ya 1974", hilo peke yake halikumalizi.

Kijana wa Maseno

Na ile kesi ya Dina? Si ilisema hati yenye mzizi mbaya haina kinga?

Mwanasheria wa Lurambi

Dina Management dhidi ya Serikali ya Kaunti ya Mombasa, Aprili 2023. Ile ilikuwa ardhi ya umma iliyotolewa bila utaratibu, ikapita mikononi mwa watu hadi kwa mnunuzi. Mahakama ya Juu ikasema mnunuzi hawezi kujificha nyuma ya hati ikiwa mwanzo wake ni haramu. Inakusaidia kuwaambia wanunuzi wachunguze mzizi wa hati. Lakini baba mkubwa aliyeandikishwa kihalali na afisa wa serikali hana hati haramu. Hati yake ni halali ila ina mzigo. Ukienda mahakamani na Dina peke yake kwa kesi ya shamba la babu, utapoteza muda wa kila mtu.

Omwana wa Mudete

Wakili, mimi nimekaa nikisoma tu, lakini sasa moto umefika kwangu.

Shamba la babu, Sabatia, kwa jina la baba mkubwa tangu hati zitoke. Baba mkubwa alifariki. Binamu yangu, mtoto wake wa kwanza, alichukua granti bila kumwambia mtu. Juzi alionekana na savea akipima upande wetu, ambako mama bado anaishi. Kuna mtu wa Majengo anasemekana ametoa malipo ya mwanzo. Nimeenda kwa chifu, chifu akaita kikao, binamu hakuja. Liguru, mzee wa kijiji, ameandika kwenye daftari lake kwamba hakuja.

Nianzie wapi? Sina pesa nyingi.

Fundi Ramani (Bungoma)

Kabla wakili hajajibu, mimi ni savea, niseme la kwangu. Savea kupima haimaanishi shamba limegawanywa. Kuna fomu ya mgawanyo yenye mchoro, ambayo lazima isajiliwe, na kwa shamba la kilimo lazima kipatikane kibali cha bodi ya ardhi. Bodi hukaa kwa naibu kamishna wa kaunti. Nendeni mjue siku ya kikao, mama yako ahudhurie akatae mbele ya watu. Bodi nyingi hazitaki kelele za familia, wataahirisha. Haiwamalizii kesi lakini inawapa muda.

Na msing'oe vigingi. Kung'oa vigingi kutawapeleka polisi, na mtakuwa mmehamisha ugomvi kutoka kwa mtu mwenye makosa hadi kwenu.

Mwanasheria wa Lurambi

Mwana wa Mudete, fanya haraka. Nilisema nataka tubishane juu ya lile jambo la mwisho la Kiebia, na kesi yako ndiyo inaonyesha kwa nini. Dai linaelekezwa kwa mwenye hati ambaye ni mtu wa familia. Leo jina kwenye rejista ni la baba mkubwa au la binamu, wote wa ukoo. Likishahamia kwa mtu wa Majengo, utasikia hoja kwamba mwenye hati si wa familia, na alinunua kwa nia njema. Wewe utajibu kwamba amana inaifunga ardhi popote inapokwenda, kwa kifungu cha 28, na kwamba mnunuzi aliiona nyumba ya mama yako akanunua hata hivyo. Una hoja nzuri. Lakini kwa nini uibishe hoja hiyo kwa miaka mahakamani wakati unaweza kuizuia isizaliwe?

Kwanza fanya utafutaji rasmi kwenye ofisi ya ardhi ujue jina lililopo leo. Halafu weka zuio, lile watu huita kosheni, chini ya kifungu cha 71. Hujaza fomu na hati ya kiapo ukieleza haki yako ni ipi: mrithi wa mtu aliyekuwa mnufaika wa amana ya kimila. Usiandike tu "sisi ni familia". Msajili atamjulisha binamu, na binamu anaweza kuomba liondolewe. Kwa hivyo zuio ni la kukupa nafasi ya kufungua kesi, si la kulalia.

Pili, jua unaenda mahakama gani. Wengi hupeleka hoja ya amana kwenye mahakama ya mirathi, wanapoteza mwaka mzima kisha wanaambiwa hapa tunagawa mali ya marehemu, suala la nani mwenye ardhi lipelekeni Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Lakini usiipuuze faili ya mirathi. Angalia kama granti imeidhinishwa, yaani mahakama imekubali mali igawanywe vipi. Kama bado, ingia hapo uombe fungu linalobishaniwa litengwe kando hadi mahakama ya ardhi iamue. Kanuni ya 41(3) ya mirathi inaruhusu. Hiyo ni silaha ambayo mawakili wengi huisahau.

Kuhusu pesa: si lazima uende kwa jaji. Mahakimu waliopewa mamlaka ya ardhi husikiliza kesi kulingana na thamani. Hakimu mkuu hufika hadi shilingi milioni 20. Vipande vya Sabatia tunavijua ukubwa wake. Kesi inaweza kusikilizwa karibu na nyumbani, na mashahidi wako wakaja kwa miguu.

Karani Mstaafu wa Kisumu

Na lile daftari la liguru lipigwe picha leo hii. Madaftari ya maliguru hupotea kesi zikiiva.

Mzee wa Luanda

Nyinyi vijana mnakimbilia mahakama. Katiba hiyo hiyo kwenye kifungu cha 159 inasema mahakama zihimize njia za jadi za kusuluhisha. Kwetu tumemaliza mizozo mingi chini ya mti, wazee wa pande zote mbili wakila pamoja.

Mwanasheria wa Lurambi

Mzee, sibishi. Nami hupendelea hivyo, na ndugu wakikubaliana ni heri kwa kila mtu isipokuwa sisi mawakili. Lakini hati haibadiliki kwa sababu wazee wamekula pamoja. Makubaliano yaandikwe, yatiwe sahihi na mwenye hati au msimamizi wa mirathi yake, pamoja na wake na waume wanaohusika, yaseme kila mtu anapata kipimo gani na upande gani, kisha yapelekwe mahakamani yawe amri. Nimeona makubaliano mazuri ya wazee ambayo aliyekosa kutia sahihi ni mtu mmoja tu: yule mwenye hati.

Na kwa kijana huyu, binamu hakuja hata kikaoni. Zuio kwanza, mti baadaye.

Omwana wa Mudete

Nimerudi. Nimefanya utafutaji. Jina bado ni la baba mkubwa. Granti imetolewa lakini haijaidhinishwa. Zuio nimeliweka, nina risiti. Mama ameenda bodi na wanawake wenzake wa kanisa, savea hajaonekana tena.

Sasa ushahidi. Baba hayupo, ndugu zake wote wa kiume wamekwenda. Aliyebaki ni senje, dada yao. Yeye ndiye alimpikia yule afisa siku ya kuandikisha. Anasema babu alikuwa mgonjwa kitandani, na baba mkubwa aliambiwa mbele ya kamati aandikishe, kisha wadogo zake wakirudi kutoka Miwani awakatie. Anawataja wanakamati kwa majina na mahali kila mmoja alikaa. Lakini ana umri mkubwa sana na kifua kinamsumbua.

Mtoto wa Reli

Hata mimi hapo siwezi kubisha. Mwahini huyo mama.

Mwanasheria wa Lurambi

Ee bwana, huyo ndiye kesi yako. Mahakama ya Juu ilisema kila kitu kitategemea ubora wa ushahidi, na ushahidi huu uko kwenye kumbukumbu ya mtu mmoja anayekohoa.

Fanya hivi. Kesi ikifunguliwa tu, ombeni mahakama imsikilize mapema, kabla ya zamu ya kesi kufika. Kanuni za madai zinaruhusu shahidi kuhojiwa mara moja kukiwa na sababu ya kutosha, na uzee na ugonjwa ni sababu. Leteni barua ya daktari. Upande wa binamu lazima ujulishwe ili nao wamuulize maswali. Ushahidi ambao haujaulizwa maswali hauna uzito uleule. Kumrekodi kwa simu nyumbani si vibaya, lakini msidhani video itachukua nafasi yake.

Mpate pia mtu wa nje ya familia anayekumbuka hata nusu ya hayo. Mtoto wa mwanakamati mmoja, jirani wa mpakani, yeyote ambaye hatapata hata shubiri ya shamba. Senje ni wa kwenu, na wakili wa binamu atasema hivyo.

Na kumbukeni granti ndogo ya baba yako, kabla ya chochote kuwasilishwa.

Omwana wa Mudete

Kuna mtoto wa mwanakamati, alikuwa mwalimu, yuko Mbale. Nitamtafuta. Swali la mwisho wakili: senje hajui Kiswahili wala Kiingereza, ni Kimaragoli tu. Itakubalika?

Mwanasheria wa Lurambi

Itakubalika, kutakuwa na mkalimani. Ila msimkalishe chini kumfundisha la kusema. Akisahau mwaka, asahau. Akikumbuka alipika nini siku hiyo, mwacheni aseme alipika nini.